Kulimia Ndege

Mama yangu aliwinga ndege, akiwafukuza shambani, tangu utotoni. Kule Mutomo, mtama ukianza kukomaa, alipanda dungu, jukwaa la kulindia shamba, alfajiri na kombeo lake, akashuka jua likizama. Kwa hivyo nilijitafutia makubwa nilipomleta kwangu Kitui, maana bustani yangu nilikuwa nimeipandia ndege: mistari minne ya mtama, alizeti kando ya ua, na karai la maji.

Nilimleta kwa sababu baba alikuwa amefariki, naye alibaki peke yake, akinywa chai tupu na kuniambia kwa simu ameshiba. Nilitaka akae. Yeye alitaka kurudi. Kila Jumatatu alifunga mkoba, nami nikatunga kisingizio: mvua, mgomo wa magari, kikohozi changu.

Siku moja akauliza tutavuna lini.

"Hatuvuni, Mwaitu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Ni ya ndege."

Aliweka kikombe chini. "Umesoma mpaka university, halafu unalimia ndege?"

Akina mama wa kanisa walipokuja kumjulia hali, alinishtaki kwao. Waliniombea papo hapo, kwa sauti, mikono yote juu ya kichwa changu, kwa kuwa waliona ndiko tatizo lilikokuwa.

Kesho yake niliamshwa na makelele. Mama alikuwa bustanini, amesimama juu ya stuli ya jikoni, akizungusha kombeo alilotengeneza kwa soksi zangu za ofisini. Nilikasirika kwelikweli. Miezi mitatu nilikuwa nimewabembeleza wale ndege.

"Mwaitu, shuka! Hao ni wageni wangu!"

"Mgeni gani hapigi hodi?" akajibu, akarusha donge lingine la udongo. Liliangukia karai.

Mchana huo alikula ugali mara mbili. Jumatatu ilipofika nilikuwa nimeishiwa na visingizio, lakini mkoba haukufungwa. Nilipouliza kama anasafiri, alishangaa.

"Nimwachie nani mtama?"

Tulivuna debe moja. Jioni hiyo alianza kukunja leso zake na kuziweka mkobani, na moyo ukaniuma. Nikatoka nje na jembe, nikang'oa mawaridi yangu yote ya mbele ya nyumba, nikaanza kuchimba mashimo. Alinifuata, akasimama hapo akiniangalia, mkono kiunoni.

"Sasa unapanda nini tena?"

"Mtama. Nawaongezea ndege."

Alisonya kwa muda mrefu.

"Basi mimi siendi popote," akasema.