Landrova Yenye Nilisoma Vibaya

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkubwa hakunionyesha kiti wala choo. Alinipa sumaku, akasema, "Zunguka hiyo gari, halafu uniambie umeona nini."

Gari yenyewe ilikuwa Landrova mzee, imewekwa juu ya mawe nyuma ya garaji, karibu na King'ong'o kule Nyeri. Nilikuwa nimemaliza fomu foo mwaka mmoja umepita, na nilidhani nimeandikwa kuandika risiti. Nikaweka sumaku kwa mlango, ikaanguka. Nikaweka kwa boneti, ikaanguka. Nikamwambia sumaku imeharibika.

Alicheka mpaka akashika mgongo. "Wee kairitu, msichana wewe! Sumaku ni mzima. Hiyo bodi ni aluminiamu, haishiki sumaku na haioti kutu. Mahali itashika, ujue kuna mtu aliweka kiraka ya mabati, na kuna kitu anaficha."

Hivyo ndio nilianza, na nikakaa miaka sita. Sasa nimestaafu. Najua mtu wa miaka ishirini na tano akisema amestaafu watu wanacheka, lakini garaji ilifungwa, Fundi Mkubwa akarudi kwa shamba yake ya chai, na garaji ingine kama hiyo sijaona. Naandika juu kuna vijana wananipigia simu wakiuliza Landrova ya kitambo inatambuliwa aje, na kila mmoja anataka jibu ya dakika moja. Siwalaumu. Mimi pia nilikuwa hivyo, na mtaona venye ilinipeleka.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta zile gari za zamani za foo-wili, zile tairi zote nne zinavuta, tunazinunua zikiwa zimekufa, tunazifufua. Wateja walikuwa watu wa Nairobi na Nanyuki. Kila mmoja alikuwa anataka gari kama ya guka yake, yaani babu, ama ya padre wa shule yao. Kutafuta na kutambua ilikuwa kazi yangu na Kimani, kijana wa Kagio mwenye mdomo mrefu kuliko spana zake.

Kutambua inaanza na macho. Taa za mbele zikiwa katikati, karibu na grili, hiyo ni ya zamani sana. Zikiwa zimesonga nje, pale juu ya tairi, ni ya baadaye. Grili ikiwa plastiki na mita ziko mbele ya dereva, hiyo ni kitinda mimba wa hao wazee. Lakini usiamini hiyo peke yake. Huku kwetu watu walikuwa wanabadilisha mlango, taa, hata injini, bora gari ifike sokoni. Ndio maana Fundi Mkubwa alikuwa anasema, "Mambo ya shati wachana nayo. Nionyeshe chasis."

Chasis ni zile vyuma ndefu za chini zenye zinabeba kila kitu. Unagonga na kanyundo ukiwa umelala chini. Ikilia ngii, ni mzima. Ikisema pu, kutu imekula ndani, hata kama nje imepakwa rangi. Halafu unatafuta namba. Iko mbele, upande wa kulia, pale springi inashikiliwa, na mara nyingi imejaa matope ya miaka mingi. Unapiga brashi ya waya, unaosha na mafuta taa, unapaka choki, unapanguza. Choki inabaki ndani ya namba na unaisoma ikiwa nyeupe.

Kulikuwa na sheria moja tu yenye Fundi Mkubwa hakuwa anacheza nayo. Mwenye kusoma namba hafai kuwa ameona logbuku, kile kitabu cha usajili wa gari. Madam wa ofisi alikuwa anaifungia kwa droo, sisi tunaenda, tunasoma, tunampigia simu, yeye ndio analinganisha. "Macho ikishaambiwa kitu," Fundi alisema, "inaenda kuitafuta."

Nilitumwa Kiriaini, penye mzee alikataa kutuonyesha gari mpaka tumalize githeri yote. Nilitumwa Kagio, tukapata moja imebeba nyanya, mbele ni ya mwaka mmoja na nyuma ni ya ingine, zimeunganishwa katikati na weldi. Kimani akamuuliza mwenyewe, "Sasa hii, harusi yao ilikuwa lini?" Tulifukuzwa.

Lakini kuna kitu sikuwa nimeambia mtu. Baba yangu alikuwa dereva wa societi ya kahawa, ushirika wa wakulima, hapa kwetu Kianyaga. Gari yake ilikuwa Landrova. Societi ilikufa, vitu vikapigwa mnada, na mwaka haukuisha baba naye akafariki. Nilikuwa darasa la sita. Alituachia kitabu ya mazoezi yenye alikuwa anaandika speya, na kwa ukurasa wa kwanza namba ya chasis, juu bila hiyo namba dukani wanakupea speya ya gari ingine. Ilikuwa inaisha na sita, nane, tatu. Niliijua kama sala ya Baba Yetu. Kila gari tuliyoenda kuona, kabla nifikirie mteja, nilikuwa naiangalia hiyo.

Mwaka wangu wa nne mzee mmoja wa Kianyaga akapiga simu. Ako na Landrova nyuma ya banda ya chai, aliinunua mnada wa societi. Kimani alikuwa kwa matanga.

"Ngoja Kimani arudi Jumatano," Fundi Mkubwa akasema.

"Mtu mwingine anaweza kuichukua, Mzee."

"Imekaa hapo miaka kumi. Itatoroka leo?"

Nilienda siku hiyo hiyo. Nilimwambia Madam nimetumwa.

Yule mzee aliniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Ati wamenitumia msichana? Utaibeba na mgongo?"

"Nionyeshe tu, guka."

Ilikuwa na kuku ndani. Rangi ilikuwa ile ya kijani, na mlango wa nyuma umefungwa na waya. Nililala chini kwa majani ya chai, nikapiga brashi, nikapaka choki. Sita ilikuwa wazi. Nane ilikuwa wazi. Ya mwisho kutu ilikuwa imekula upande wa kushoto, na nikaona tatu. Naapa niliiona. Sikuosha na mafuta taa, sikungoja ikauke, sikuangalia mara ya pili. Nilipigia Fundi, si Madam, nikamsomea namba, nikamwambia chasis ni mzima, anunue; akanigombeza, lakini akakubali. Halafu nikapigia Mami.

"Mami, nimepata gari ya Baba."

"Nitakuja Jumamosi," akasema. Akakata.

Lori iliileta Ijumaa. Jumamosi asubuhi Kimani akaingia chini yake na mafuta taa, juu Fundi Mkubwa hakuwa anakubali namba yenye imesomwa na mtu mmoja. Nilikuwa nimesimama hapo na chai.

"Sita, nane, nane," Kimani akasema.

"Rudia."

"Sita, nane, nane. Haki ya mama yangu, choki ndio hii."

Niliingia mwenyewe. Ilikuwa nane, safi kabisa, mviringo mbili. Madam akafungua droo. Logbuku ya yule mzee, yenye ilikuja na lori, ilisema nane. Kumbe societi zilikuwa nyingi, na zilipigwa mnada moja baada ya ingine.

Nilitoka chini nikakaa kwa tairi. Fundi Mkubwa akauliza, polepole, tatu nimeitoa wapi. Nikamwambia yote. Kitabu, baba, kila kitu. Nilingoja anifukuze.

"Miaka minne," akasema. "Na hukuona unaweza kuniambia? Ningekutuma kila mahali, lakini hiyo namba ningesoma mimi." Halafu akaangalia barabara. "Mama yako anakuja saa ngapi?"

Mami alifika saa nne, amevaa ile nguo ya Mothers' Union ya kanisa na kitambaa ya kichwa. Hakusalimia mtu. Alienda straight kwa gari, akaizunguka mara moja, akasimama mbele yake kama mtu anangoja mtoto mwenye amekosa aanze kuongea.

"Mami, si hiyo," nikasema. "Nilisoma vibaya. Nisamehe."

Hakugeuka. "Si hiyo?"

"Zinafanana tu."

Fundi Mkubwa akaleta kiti. "Keti, mama. Msichana hakuwa na nia mbaya."

"Sitaki kiti." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi nilikuwa nimekuja kugombana."

"Na mimi?" nikauliza.

"Na gari! Nimeamka saa kumi, nimepanga maneno kutoka Kianyaga mpaka hapa. Baba yako ilikuwa inamchukua Jumatatu na kumrudisha Jumamosi. Societi ikaacha kumlipa, na bado anaamka kuiosha. Nikimwambia aache, ananiambia, na nani ataiangalia? Nani ataiangalia! Na sisi?" Akapiga boneti na kiganja. Kuku moja yenye ilikuja na lori ikaruka kutoka nyuma, na Kimani akaikimbiza.

Halafu Mami akauliza mlango unafunguliwa aje. Nikamfungulia. Akapanda, akaketi kiti cha abiria, mkoba kwa magoti.

"Unajua sikuwahi kuikalia?" akasema. "Hata siku moja. Alikuwa anasema ni gari ya wakulima, si ya bibi yake. Mvua ikinyesha ananipita nikitoka kanisa, anapiga honi tu." Akasukuma kiti na mgongo. "Kumbe ni ngumu hivi. Mtu alikuwa anaumia na hasemi."

Alikaa humo karibu saa nzima. Hakuna mtu alimharakisha. Hata mimi.

Hiyo gari tuliimaliza, ikaenda Nanyuki, na mteja alifurahi. Nilifanya kazi miaka mingine miwili, na nikiwa na Kimani nilikuwa nashika choki tu, kusoma ni yeye. Ya baba hatukuipata. Kimani anafikiria ilikatwa ikauzwa kama skrap. Inawezekana. Vijana wakinipigia simu nawaambia ya sumaku, ya nyundo, ya mafuta taa. Wakiuliza kama hii kazi iko na pesa, nawaambia sijui, mimi sikuwa nimeifuata hiyo.

Siku hizi niko nyumbani na Mami. Wiki jana mchana tulikuwa tunachambua maharagwe nje, nikamuuliza gari ya Baba ilikuwa inalia aje. Nilidhani atakataa.

Aliweka uteo chini. "Ikifika kona ya kanisa, pale kilima inaanza," akasema, "alikuwa anarudisha gia." Akakaza midomo, akaifanya. Kwanza ile ya kuvuma, halafu kunyamaza kidogo, kama mtu anavuta pumzi, halafu sauti ya chini, nzito, inapanda. Aliifanya vizuri sana. Alivuta pumzi akaendelea mpaka karibu na nyumba, akaacha.

Tukacheka. Halafu sisi wawili tukajikuta tumeangalia geti.