Mama Alivyoingia Kwenye Picha

Mwezi uliopita nilitoka Kibondo kwenda Kasulu kununua mkanda wa mashine ya kusaga. Nikiwa nasubiri, kijana wa duka la simu akanionyesha picha. Yeye amesimama, na nyuma yake kuna mtu kama moshi. "Mzimu huo, bibi! Nimeutengeneza sasa hivi." Alitaka niogope. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilishakuwa mzimu kabla baba yako hajazaliwa. Akacheka, akadhani ni uzee.

Wewe usicheke. Shule niliishia darasa la tatu, na mashine tatu za kusaga nimenunua kwa jasho langu. Sina kawaida ya kupamba maneno.

Bibi alinilea kule juu Manyovu, kwenye migomba na kahawa, kwa ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Mama alimfuata baba kwenye mkonge Tanga nikiwa bado nabebwa mgongoni. Aliondoka alfajiri, bibi yuko kisimani. Hakuaga. Akafia huko, akazikwa huko, na picha hakuacha hata moja. Bibi hakulia mbele yangu. Ila tukiwa tunapukuchua maharage, mikono yake ilikuwa inasimama ghafla. "Hata kuniinamia aniage?" Basi. Anaendelea kupukuchua.

Siku hizo nimeshakuwa mwali, na Kasulu kulikuwa na mpiga picha mmoja, mtu wa pwani, kanzu safi, maneno laini. Ukutani kwake alitundika picha ya mwanamume aliyeketi, lakini kiti unakiona kupitia tumbo lake. Bibi alipoiona siku ya soko aliweka kapu chini.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Simtoi popote, bibi. Nachezea mwanga tu. Mtu akikaa kidogo mbele ya kamera halafu akaondoka, anabaki nusu."

"Mwanangu amekufa. Unaweza kumleta?"

Yule bwana angeweza kudanganya akala bure jogoo tuliyempeleka sokoni. Hakudanganya. "Aliyekufa simwezi, bibi yangu. Lakini huyu mjukuu, anafanana na mama yake?"

"Mpaka visigino."

Soko lililofuata tulirudi na kitenge cha mama. Jirani yetu, mama mtu mzima mwenye mdomo, naye alikuwa amekuja huko kuuza maharage. Mpiga picha akamkalisha bibi mbele ya pazia jeusi, akanifunga kile kitenge, akanisimamisha kando yake. Filamu ilikuwa imebaki moja, na nyingine mpaka treni ilete Kigoma. Akatuonya: atafungua kifuniko cha kamera na kuhesabu hadi kumi polepole. Bibi asitikisike. Mimi nisimame wima kama mti, akifika sita niondoke kimya.

"Moja... mbili..."

Jirani akachungulia mlangoni, akatusalimu. "Mwakeye!"

Wewe ambaye si Muha hutaelewa. Mkubwa akikusalimu, unainama, unaunganisha viganja, na huinuki mpaka amalize kuuliza ya nyumbani. Mwili wangu uliinama kabla kichwa hakijafikiri. Na yule mama akaanza: ng'ombe je, kikohozi je, usingizi je! Bibi kimya, jiwe.

"Mmekuwa mabubu? Au mkishaingia kwa mtu wa pwani mimi si mtu tena?"

"Sita," mpiga picha akasema. Nikatoka vilevile nimeinama, machozi yananidondoka. Nilijua nimeiharibu ile filamu moja, na bibi alikuwa ametembea jana yake kutwa nzima kwa ajili ya picha hiyo.

Tulisubiri mpaka mchana. Akatuingiza kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu na dawa inayonuka kama siki. Akazamisha karatasi nyeupe kwenye beseni. Kwanza hakuna kitu. Halafu macho ya bibi, halafu magoti yake. Halafu, ndugu yangu, kando yake ukaanza kuota ukungu. Ukungu ukapata kitenge. Ukapata shingo. Mwanamke ameinama mbele ya mama yake, viganja pamoja, na mikunjo ya pazia inaonekana kupitia mgongo wake. Nilijua ni mimi. Nywele zilinisimama hata hivyo. Mpiga picha mwenyewe alisema "Allah."

Bibi naye alijua ni mimi, hakuwa mjinga. Lakini aliinua mikono, akapiga makofi taratibu vile wakubwa wanavyopokea salamu, akaitikia kwa sauti kamili, "Mwakeye, mwana wanje," yaani mwanangu. Hakuwa ananitazama mimi.

Tangu siku hiyo mikono yake haikusimama tena kwenye maharage.

Leo hakuna anayengoja karatasi ipate uso, na watoto wananisalimu wakiwa wima, mkono mmoja kwenye simu. Picha ile haikuoshwa vizuri, au moshi wa jikoni uliila, sijui. Ukungu ndio uliotangulia kufifia. Mwaka baada ya mwaka mama alipungua, mpaka akabaki bibi peke yake mbele ya pazia. Mimi nililia, nikasema twende tukamtafute yule bwana airudishe.

Bibi akaifuta kwa ncha ya khanga, akaitundika tena palepale.

"Mwache aende," akasema. "Safari hii ameaga."