Nailoni Juu ya Godoro

Mukantwari wa Nzahaha hakuwa mtu wa kununua kitu kwa macho. Mumewe, Niyitegeka, aliyebeba mifuko ya saruji kiwandani Bugarama kwa miaka ishirini na miwili, alipooza upande mmoja kwa kiharusi, na kulala chali kutwa kucha kulimtia kidonda juu ya makalio. Muuguzi Nabintu alimwambia mke bila kuzunguka: bila godoro la kupunguza uzito kwenye mifupa, kidonda kitazidi kuchimba.

Basi akaenda kwenye duka la magodoro mjini Kamembe. Dukani watu walikuwa wakibonyeza magodoro kwa ngumi, wakitikisa kichwa na kulipa. Yeye alimtazama muuzaji, Gisa, kuanzia tumboni hadi miguuni.

"Papa Gisa, lala kwanza."

"Mimi, Maman?"

"Eeh. Uko muzito sawa na bwana yangu. Mimi niko mwepesi, matela itanidanganya."

Gisa akalala, wateja wakacheka. Mukantwari akapitisha kiganja chini ya godoro, pale makalio yalipo, kama Nabintu alivyomfundisha: ukihisi mfupa, godoro halifai. Kwenye la sponji laini tupu alihisi mfupa wa Gisa kabisa. Kwenye la sponji ngumu hakuhisi mfupa, lakini Gisa mwenyewe alilalamika kuwa linamuumiza. La tatu lilikuwa na tabaka mbili, ngumu chini na laini juu. Hapo Gisa alitulia, nusura asinzie mbele ya wateja. Mukantwari akalichukua hilo, na mimi sijaona mtu aliyechagua godoro vizuri kuliko yeye.

Kisha akaharibu. Sisi huku tuna ugonjwa wetu: godoro jipya halivuliwi nailoni. Nchi imekataza mifuko ya plastiki, lakini nailoni ya godoro tunailalia miaka, inapiga kelele tukigeuka, na tunaona fahari. Mukantwari naye alitandika shuka juu yake. Alimgeuza mumewe kila baada ya saa mbili, hakukosa hata siku moja. Wiki mbili zikapita, mgonjwa analoa jasho tu juu ya nailoni, na kidonda kikapanuka.

Nabintu alipokuja aliinua shuka, akaigusa nailoni. Aliyesema ni Niyitegeka, polepole, kwa ulimi ulioelemewa.

"Maman Reine. Hii nailo... unachungia nani?"

Mukantwari alikuwa akimtunzia nani godoro? Jibu alilijua, na mumewe alilijua: godoro likibaki safi lingemfaa binti yao Reine atakapoolewa. Yaani baba yake akishaondoka. Aliona aibu, aibu ya kweli, akaenda kutafuta makasi.

Nabintu alimgeuza mgonjwa huku, kisha huku, na Mukantwari akaikata nailoni yote, akaitupa nje. Wakamlaza tena. Mukantwari akapitisha kiganja chini ya godoro, palepale. Hakuhisi mfupa, lakini mkono hakuutoa.