Ile R ya Injini ya Boti

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, jua bado changa, nimemkalisha binti yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kijiti cha kuelekezea mkononi mwangu, namtaka aseme jina lake mwenyewe.

"Velonika," akasema.

"Siyo hivyo! Sema Velonika!"

Akanitazama, mtoto wa watu. Alikuwa amesema sawasawa na nilivyosema mimi, na wote wawili tulikuwa tumekosea. Nilijua hivyo kwa sababu katekista alishanicheka siku ya ubatizo. "Veronika, mama, siyo Velonika." Lakini kujua ni jambo moja, na ulimi uliokulia Kijita una mambo yake.

Tuliishi mwaloni, kambi ya wavuvi kwenye kisiwa kidogo karibu na Ukerewe. Mume wangu Masatu alivua dagaa, mimi nikawaanika mchangani. Shule hapakuwa na hata ya chekechea. Ya karibu ilikuwa Nansio, ng'ambo ya maji, alikoishi shangazi yake Veronika, na mwalimu mkuu wa huko alikuwa ametuambia tumlete Januari. Akijua kusoma ataingia darasa la kwanza. Asipojua ataanza awali pamoja na vitoto vya miaka mitano, na yeye alikuwa anatimiza minane, mrefu kama mlingoti.

Masatu hakutaka mtoto wake achekwe. "Wakimrudisha awali, arudi hapa akusaidie kugeuza dagaa," alisema, na kwa kuwa hakupandisha sauti nilijua anamaanisha. Nilikuwa nimewaona mabinti waliobaki kambini mwaka mmoja tu. Wengine walikuwa bado wapo, wana watoto mgongoni.

Ndiyo maana nikawa mwalimu. Nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi hadi darasa la saba: kaa, nyamaza, rudia. Veronika alikaa, akanyamaza, akarudia, na macho yake yakaenda zake ziwani. Herufi nyingine alizishika, lakini kula alisoma kura, na kura akasoma kula, na mimi sikuweza kumsahihisha kwa sababu masikio yangu yalisikia kitu kilekile.

Asubuhi hiyo ya ndoo mama mkwe wangu alikuwa pembeni, anachambua dagaa. Alivumilia weee, kisha akashindwa.

"Mama Velo, unamfundisha au umemkamata?"

"Namfundisha, Mama."

"Basi mfungulie akacheze. Na wewe kaa hapa usikirize."

Niliona haya, nikakaa. Veronika alichomoka kama kifaranga, akachukua boti yake aliyoichonga kutoka kwenye ndala iliyochakaa, akaisukuma mchangani. Na mdomoni, mwanangu, injini ikawaka.

"Rrrrrrrr!"

Mama mkwe hakuinua hata kichwa. "Hiyo unayoitafuta tangu juzi," akasema, "si ndiyo hiyo hapo?"

Nilicheka mpaka nikalia. Herufi ilikuwa kinywani mwa mtoto siku zote, na mimi nilikuwa nimemnyamazisha ili nimfundishe.

Tangu siku ile ndoo ilirudia kazi yake ya kuchota maji. Nilichora r kubwa kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, na boti ikapita juu yake ikinguruma. Kila neno lenye r liliendeshwa na boti. L nayo tuliifanya ya kulamba: nilichora kwa uji wa muhogo kwenye sufuria iliyogeuzwa, naye akalamba na kusema laaa, ulimi ukagusa nyuma ya meno. Usiniulize usafi, sufuria niliiosha. Maneno tuliyaandika kwa kokoto, kwa makome, kwa vipande vya nyavu. Na mimi nilijifunza naye. Nilipokuwa nageuza dagaa nilinguruma peke yangu, na majirani wakaanza kuulizana kama nina mashetani.

Siku moja Masatu alirudi kutoka ziwani akakuta dagaa wabichi wamepangwa mchangani, mmoja mmoja, kwa herufi kubwa: BABA RUDI. Alisimama pale na maji yakimchuruzika, akasoma, akasoma tena. Jioni nilimwona anaziba tundu kwenye begi la safari.

Januari tukavuka. Ofisini kulikuwa na wazazi wengi wamesimama. Mwalimu mkuu akaandika ubaoni, akamwambia Veronika asome. Maneno yalikuwa: "Lete kalamu na rula." Mwanangu, nilisali sala zote ninazozijua. Mtoto aliukodolea macho ubao. Kisha nikaona mkono wake unateleza polepole kwenye ukingo wa meza, unasukuma kitu kisichokuwepo.

"Lete kalamu na rrrrrula!"

Watu wakaangua kicheko, mwalimu mkuu naye, cheko la furaha kabisa. "Darasa la kwanza," akasema. Akachukua kalamu, akanigeukia mimi. "Haya, mama. Jina la mtoto?"

Ofisi nzima ilinitazama. Nikavuta pumzi, nikawasha injini.

"Veronika."

Aliyepiga makofi wa kwanza alikuwa binti yangu. Mimi nilipiga vigelegele pale pale, na mwalimu mkuu akasubiri hadi nimemaliza ndipo akaandika.

Leo Veronika anaishi Nyegezi na ana wawili wake, ambao anawafundisha nyumbani kabla hawajafikia umri wa shule. Juzi niliwakuta wamejaa udongo hadi masikioni, wanafinyanga herufi, visoda vya kuhesabia vimetapakaa sebule nzima. Nilijisikia tajiri.

Kwa hiyo wewe unayelalamika kwamba wanao hawatulii ukiwafundisha, nakuambia hivi: acha kwanza kufundisha, uwatazame wakicheza. Somo lako liko humo, tayari lina miguu. Waache washike, wamwage, wachafuke, utafagia baadaye. Na usiogope usichokijua, jifunze pamoja nao, wala usione aibu mtoto akikutangulia. Ukimwona mkweo anakukosoa, meza mate, sikiliza.

Mungu akupe subira na sakafu inayofagilika. Awape wanao mikono yenye kazi na midomo isiyonyamazishwa. Na siku utakapoulizwa jina la mwanao mbele za watu, ulitamke lote, kwa ulimi aliokufundisha yeye.