Simu Imeshikwa na Uga

Kaka yangu ni mwalimu wa fizikia kule Bumala, na hakuna kitu asichokijua, mwulize mwenyewe. Krismasi moja alikuja kwa mama hapa Malaba, mpakani na Uganda, na sumaku, karatasi, na unga wa chuma aliouzoa kwa fundi wa kuchomelea. Akaunyunyiza juu ya karatasi, ukajipanga mistari. Akaanza mahubiri yake. Eti Mwingereza mmoja wa zamani, mshonaji vitabu aliyeshindwa na hesabu, ndiye aliyeona kwamba nguvu haikai ndani ya sumaku tu, bali imejaa mahali pote kuizunguka. Wasomi wengi wakaipuuza mistari yake. Baadaye Mskoti akayaandika mawazo hayo kwa hesabu, na kumbe hata mwanga ni mawimbi ya mambo hayohayo. Kisha Mjerumani akawasha cheche upande mmoja wa chumba, nyingine ikaruka upande wa pili bila waya.

"Hapo ndipo simu yako ilipozaliwa, mama."

"Na hicho kitu kilichojaa kinaitwaje?"

"Uga."

"Uganda?"

Wacha tucheke! Tangu hapo, kila simu iliponaswa na mtandao wa ng'ambo, na hapa karibu na daraja hunaswa kila mara, mama alisema, "Imeshikwa na uga tena."

Mwaka jana, asubuhi ya mvua kubwa, mama akaanza kukosa pumzi. Bodaboda hata moja haikuonekana. Mwenye gari ni kaka. Simu yangu ilikuwa imeshikwa na uga, ikakataa kabisa kupiga. Nikakimbia kwa jirani, mama muuza ndizi kutoka ng'ambo, nikaazima simu yake yenye laini ya Uganda, nikarudi nayo mbio kwa mama. Ikaita. Kaka akakata. Nikarudia, akakata. Halafu akazima kabisa! Aliona namba ya Uganda, akadhani ni matapeli.

Mama alikuwa akinitazama kutoka kitandani.

"Si alisema imejaa mahali pote?" akauliza kwa shida. "Mbona haimfikii?"

Nikapiga tena. Mvua haikuwa imekatika alipokata roho.

Matangani kaka akawa anawaeleza waombolezaji habari za minara, na jinsi mawimbi yanavyopotea mpakani. Nilichemka.

"Yalikufikia, mwalimu," nikamwambia mbele ya wote. "Wewe ndiye uliyeyakata."