Mkono Ulioweka Mayai

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu mtu hakusafiri kama mkono wake ndio uliomwekea kuku mayai. Ilikuwa amri ya Bibi, mama yake Baba, na Bibi hakuwa mtu wa amri nyingi. Alisema kuku akishalalia, yule aliyemwekea mayai lazima aonekane uani kila siku mpaka vifaranga vitoke. Akivuka bahari kabla ya hapo, mayai yote yanakuwa viza, na kisirani hicho kinamfuata huko huko alikokwenda. Niliyaamini hayo kama nilivyoamini kwamba jua la Agosti linaua. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini, na mimi sikuona haja ya kuuliza.

Tulikaa Dubai, nyuma ya mtaa wa Naif, katika nyumba ya zamani yenye ua, moja ya zile zilizokuwa zimebanwa na maghorofa ya wapangaji pande zote. Baba alikuwa na duka la kuuzia jumla wafanyabiashara waliokuja kutoka Mombasa, Dar na Kampala. Mama alifanya kazi kliniki huko Oud Metha, akirudi magharibi amechoka. Uani palikuwa pa Bibi: matetea, jogoo mmoja mwenye kiburi, mapora waliokuwa wakijifunza kuwika kwa sauti za kukwaruza, na tundu lililogongwagongwa kwa mbao za makasha ya dukani. Bibi alitoka Unguja akiwa mke mchanga, na nadhani kuku ndio kitu pekee alichokikuta huku kinachofanana na kwao. Kiangazi tuliwatundikia magunia yaliyoloweshwa, nao walijazana chini ya viyoyozi wakidonoa matone.

Mapora hawakudumu. Jirani yetu wa ghorofani, Mganda aliyekuwa akilinda hoteli usiku, aliteremka asubuhi moja macho yamemwiva.

"Mama, hawa kuku watanimaliza," alimwambia Bibi. "Mimi saa hizi ndiyo natoka duty."

Bibi alimpa pole, na Ijumaa akampelekea sahani ya pilau yenye pora mzima juu yake. Tangu hapo, pora aliyeanza kuwika alikuwa amejiandikia kisu mwenyewe, na jirani akapata usingizi.

Kazi ya kuku, kama kazi nyingine zote, ilikuwa ya Dada Zuhura. Alitoka Vanga, pwani ya Kenya, mpakani kabisa. Baba ndiye aliyekuwa kafeel wake, yaani mdhamini wa kibali chake cha kazi, ingawa ndani ya nyumba neno hilo halikutajwa. Zuhura alimwita Baba Raya, kwa jina langu, naye Bibi alimwita Zuhura mwanangu. Pasi yake ilikaa kabatini chumbani kwa Baba pamoja na zetu. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa ili isipotee. Alikuja nikiwa bado nabebwa mgongoni, hivyo sikumbuki nyumba yetu bila yeye. Aliniosha, alinisuka, alinifundisha kumshika kuku bila kumuumiza mbawa. Na huko kwao alimwacha binti yake, Mwanaisha, rika langu, akilelewa na bibi yake.

Mkataba wake ulikuwa umekwisha siku nyingi. Hilo nililijua kwa sababu lilisemwa mbele yangu, kama watu wanavyosema mbele ya watoto wakidhani hawasikii. Zuhura akimwendea Baba, Baba, ambaye hakupenda kumkatalia mtu yeyote, alimjibu, "Mimi sina neno. Zungumza na Mama," yaani Bibi. Akimwendea Bibi, Bibi aliweka tasbihi chini na kumtazama kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu, nikuzuie nina nini? Lakini yule mweusi analalia, na mayai kawekewa na wewe. Ngoja atotoe, inshallah."

Mweusi akatotoa. Kabla vifaranga havijakauka vizuri, Bibi alikuwa ameshamwita tena: "Zuhura, kishingo naye katulia, mwekee mayai. Mkono wako una baraka." Na kweli ulikuwa nayo, maana mayai yake yalitoka karibu yote. Kishingo akatotoa, ikaja zamu ya mwekundu. Sikumbuki siku ambayo tundu lile lilikosa kuku anayelalia. Zuhura hakuweza kukataa. Mtu aliye nyumbani kwa watu, akiambiwa mkono wake una baraka, atasema nini? Basi Baba alijificha nyuma ya mama yake, na Bibi nyuma ya kuku.

Mimi nilifurahi. Kila kuku aliyelalia alikuwa akimweka Dada Zuhura kwetu, nami sikutaka aende kokote.

Nje alitoka kwenda bakala tu, duka la mtaani, akiwa amenishika mkono. Nilikuwa mkubwa tayari nilipoelewa kwamba ni mimi niliyekuwa nimewekwa nimshike yeye. Mlango wa uani ulikuwa wa chuma na ufunguo wake ulikaa kiunoni kwa Bibi, kwenye upindo wa kanga. Mchana wa joto, kazi zikiisha, Zuhura alisimama nyuma ya mlango ule akisikiliza watu wanaopita, wakivuta mikokoteni ya mizigo na kuitana kwa lugha kumi. Akisikia Kiswahili cha pwani alisogea karibu mpaka shavu likagusa chuma, kisha akarudi nyuma kwa sababu chuma kilikuwa kinaunguza.

Ijumaa baada ya sala Baba alimpa simu aongee na kwao. Ijumaa moja nilikuwa nimeegemea goti lake, nikaisikia sauti ya Mwanaisha, nyembamba na yenye adabu.

"Shikamoo, anti."

Nyuma yake mtu mzima akamnong'oneza kitu, na mtoto akanyamaza. Zuhura aliitikia marahaba. Akauliza habari za chuo, za mafua, za mbuzi wa jirani, kana kwamba hakusikia chochote. Alipomaliza alikwenda kuwabadilishia kuku maji, akakaa kule juani mpaka nikaogopa, nikamfuata.

"Raya," aliniambia bila kugeuka, "mtoto akisahau, hukumbuka tena?"

Nilimjibu kwamba mimi nikisahau sura, ustadhi hunikumbusha kwa fimbo. Alicheka kidogo, akanifuta jasho kwa kanga yake. Usiku huo nililala karibu naye kama kawaida, lakini kwa mara ya kwanza nilijiona nimekaa mahali pa mtu mwingine.

Kiangazi kile ndipo barafu ilipoanza kutuishia. Bibi alikuwa na desturi ya kunywa maji ya ukwaju yenye barafu akiamka usingizi wake wa mchana. Siku moja visahani vya barafu vikawa vitupu, na kesho yake vivyo hivyo. Nikasingiziwa mimi, mla barafu anayejulikana. Iliniuma, nikaamua kumvizia mwizi.

Bibi alipolala nilichungulia uani. Zuhura alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni lenye vipande vya barafu, na ndani ya beseni ameketishwa kishingo, maji yanamfika kifuani, amekodoa macho kwa mshangao. Aliyefuga kuku anaijua dawa hiyo. Tetea akishikwa na hamu ya kulalia, ukimlowesha tumbo kwa maji baridi siku kadhaa, hamu inamtoka, anarudi kutaga. Lakini maji ya bomba Dubai wakati wa kiangazi hutoka ya moto, ungeweza kumkandia mzazi. Bila barafu asingefika popote.

"Ana joto," alisema aliponiona. "Nampoza."

"Hatalalia?"

"Hatalalia."

"Na wale wengine?"

Alinitazama tu, na nikafahamu kwamba ananiomba kitu, na kwamba mtu mzima kumwomba mtoto si jambo dogo. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba kuku wasipolalia, Dada Zuhura ataondoka. Ile "Shikamoo, anti" ilikuwa bado haijanitoka masikioni. Nikachuchumaa nikamshikia beseni. Nililia nikiwa nimelishika, na yeye hakunibembeleza, nadhani kwa sababu angenibembeleza angeacha.

Siku zikaenda. Matetea walitaga, wakatetea kwa kelele, wakashuka zao. Mwekundu peke yake ndiye aliyekuwa juu ya mayai aliyowekewa zamani.

"Nyumba ambayo mtu wake ana mguu nje, kuku hawalalii," Bibi alisema siku moja akimenya vitunguu, kama anayeviambia vitunguu. Niliogopa, maana ilikuwa kweli tupu. Nilidhani Bibi huonyeshwa mambo. Leo nadhani aliona visahani vya barafu kama nilivyoviona mimi, na hakuwa na jinsi ya kuuliza bila kuulizwa.

Mwekundu alipototoa, tundu likabaki bila kuku wa kulalia. Zuhura alininong'oneza kwamba atazungumza na Bibi baada ya alasiri. Alianza kuimba akikanda unga, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Mimi nikaenda kucheza peke yangu ili nisiwaone. Mpira wangu ukaviringika nyuma ya mitungi ya gesi na friji bovu, nami nikapenyeza mkono kuutafuta, nikadonolewa.

Alikuwa tetea wa madoadoa, ambaye tangu siku nyingi tulidhani ameliwa na paka. Alikuwa ametandaza mbawa juu ya mayai, amevimba kwa hasira, kidari chake chote kimenyonyoka kwa kulalia. Alipiga kelele hata Bibi akaamka. Alikuja na mkongojo wake, akainama, akatazama, na uso wake ukanawiri kabisa.

"Unaona Mungu na mambo yake," alisema. "Basi na huyu naye tumngoje atotoe."

Zuhura alikuwa ametoka jikoni, unga mikononi. Sijasahau alivyobadilika rangi. Nilitamani ardhi inimeze, kwa kuwa mpira ulikuwa wangu na mkono uliomgundua yule kuku ulikuwa wangu. Akasimama vile kwa muda, akijifuta unga kwenye kanga kidole baada ya kidole. Kisha akauliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza bei ya mchicha.

"Bibi, huyu nani kamwekea mayai?"

Bibi aliinama tena, akayatazama mayai.

"Mimi sikumwekea," Zuhura aliendelea. "Raya hakumwekea. Labda wewe?"

"Kajiwekea mwenyewe," alisema Bibi.

"Basi asisafiri yeye."

Nilicheka. Nilikuwa mtoto, sikuweza kujizuia. Bibi hakucheka. Alisimama akimtazama yule kuku, mkono mmoja ameuegemeza kwenye friji, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mzee na kwamba anaogopa kubaki peke yake mchana kutwa katika ua ule. Nilimhurumia sana, na nikamhurumia Zuhura, na sikujua niziweke wapi huruma zote mbili. Lakini amri ilikuwa yake mwenyewe Bibi, na hakuna wa kumlaumu.

Jioni Baba alipoingia, kabla hajavua viatu, Bibi alimwambia, "Mpe mwana wa watu pasi yake. Khalas." Baba akaenda chumbani, akarudi nayo. Haikufika hata muda wa kuchemsha chai.

Zuhura aliondoka juma lile lile. Bibi alimfungia kanga mpya na marashi, akamshika kichwa akamwombea dua ndefu, akalia. Yule wa madoadoa alitotoa bila kusaidiwa na mtu.

Bibi sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, na nyumba ile imevunjwa, wanaegesha magari. Mimi nakaa Bur Dubai na watoto wangu. Si zamani nilikwenda Unguja harusini, mara yangu ya kwanza, nikakaa jikoni na wazee, miongoni mwao mdogo wake Bibi. Nikamuuliza juu ya ile amri ya mkono na mayai. Alinitazama kama niliyepotea njia.

"Kuku akilalia, mtu asisafiri?" alisema. "Basi Hija angekwenda nani?"

Jiko zima likacheka. Wote walikuwa wamefuga kuku tangu utoto, na hakuna aliyewahi kuisikia.

Niliporudi nikampigia Dada Zuhura. Hatujawahi kupoteana; Idi zote mbili lazima nimsikie. Nilimsimulia, nikingoja ashtuke au akasirike.

"Nilijua tangu yule mweusi," alisema. "Vanga kuku ni wengi kuliko watu. Mamangu akiweka mayai, akenda zake Tanga kwa nduguze, akirudi avikuta vifaranga."

"Sasa kwa nini hukumwambia kwamba ni uongo?"

"Nimwite mwongo mama wa kafeel wangu, na pasi i kabatini kwa mwanawe?" Hakuwa na ukali wowote. "Ningefika wapi, Raya? Nilitafuta tundu ndani ya uongo wake, nikapita hapo hapo."

Miaka yote nilikuwa nikikisimulia kisa kile kwenye karamu, na watu wanacheka sana wakifika kwenye "asisafiri yeye". Sikuwahi kufikiri kwamba aliyesema maneno yale alikuwa ameweka mayai kuku baada ya kuku, akijua kwamba hakuna kinachomzuia duniani isipokuwa sisi. Na sisi tulikuwa watu wema. Tulimpenda. Bibi asingetunga amri nzima kwa ajili ya mtu asiyempenda, na hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwamba mapenzi yetu ndiyo yaliyokuwa na ufunguo kiunoni.

Nikamuuliza Mwanaisha hajambo.

"Hajambo. Kaolewa hapa hapa, ana watoto."

Kulikuwa na jambo nililotaka kuliuliza tangu tulipokuwa watoto, mimi na huyo Mwanaisha nisiyewahi kumwona. "Anakuita mama?"

"Aniita," alisema. "Mbele za watu."