Lifti na Sakafu ya Baba Mkwe

Shimo la kutengenezea magari katika gereji yetu ya Mogogosiek, kwenye mashamba ya chai, lilikuwa kisima. Mvua ya saa nane haikosi kule, na ikifika saa tisa mume wangu alikuwa akichota maji kwa debe badala ya kutengeneza magari. Basi akawa anainua pikapu za majani chai kwa jeki na kuziegemeza juu ya magogo ya mikaratusi, yale yale ya kuchoma kiwandani, kama walivyofanya mafundi wote wa huko. Siku moja gogo bichi likapasuka. Gari lilishuka, likamkosa kichwa kwa upana wa kiganja. Alitoka chini yake akicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia haingii tena chini ya gari mpaka tununue lifti ya kuinulia magari.

Ndivyo tulivyofika Nakuru, katikati ya miaka ya tisini, kwenye yadi ya muuza mitambo kuukuu. Alikuwa na lifti mbili. Ya kwanza ilikuwa na nguzo nne na njia mbili za chuma ambazo gari hupanda na kukaa kwa matairi yake. Ya pili ilikuwa na nguzo mbili tu, na mikono ya kushika gari tumboni, matairi yakining'inia. Mume wangu aliizunguka hiyo ya pili kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Alisema angefungua breki na springi bila hata kuinama.

Muuzaji alikuwa mwaminifu kuliko nilivyotarajia. Alituuliza sakafu yetu ina unene gani.

"Hii ya nguzo mbili inashikwa na bolti kwa simiti, basi," alisema. "Kama sakafu ni nyembamba, itang'oka na gari ikiwa juu."

"Iko inchi sita," mume wangu akajibu palepale.

Hakuwa anadanganya, hivyo ndivyo baba yake alivyomwambia. Lakini siku ile sakafu ilipomwagwa yeye alikuwa safarini, na mimi, bibi harusi wa mwezi mmoja, nilikuwa nikiwapelekea chai wanaume wa kanisa waliokuja kumsaidia baba mkwe. Niliona simiti ikiisha kabla ya kazi. Nilimwona mzee akizidisha mchanga na kuitandaza nyembamba kuelekea mlangoni, huku mawingu yakishuka. Kwetu mkaza mwana hata kiti cha baba mkwe hakikalii, sembuse kuikosoa kazi yake mbele ya mgeni.

Muuzaji alikuwa ameshawaita vijana wa kupakia. Walishika nguzo ya kwanza. Akilini nilimwona mume wangu amesimama chini ya gari lililoning'inia, na nikawachukia wote, mila na wenye mila.

"Iko tatu," nikasema. "Nilikuwa pale. Simiti iliisha."

Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Siku hiyo hakuwa mpenzi wa mumewe. Tulirudi bila lifti.

Asubuhi alimwita baba yake gerejini, akachukua patasi na nyundo, akaanza kutoboa sakafu karibu na mlango ili anionyeshe kwamba nimeongopa. Nilisimama nje. Kimawazo nilikuwa nimeshafunga nguo za watoto, maana sikujua kama ningelala pale tena. Hakupiga sana. Patasi ilizama ghafla, ikatoka na udongo mwekundu.

Mzee alipiga magoti taratibu, akaingiza kidole kwenye tundu. Simiti iliishia kwenye kiungo cha pili, hata inchi tatu hazikufika. Alikipangusa kidole kwenye koti lake, mara mbili.

"Niliona haya kusema simiti imepungua mbele ya watu wa kanisa," alimwambia mwanawe. "Nikasema sita, na sikuweza kurudi nyuma."

Kisha akanigeukia. Tangu niolewe hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu.

"Mama, kama ungeniheshimu jana kwa kunyamaza," alisema, "leo ningekuwa natafuta mahali pa kumzika mwanangu."

Nililia pale pale, bila hata kujificha. Mzee akamwambia mume wangu tumwage sakafu nyingine, inchi nane, halafu anunue ile ya nguzo mbili anayoitaka. Akainuka, akachukua nyundo mkononi mwa mwanawe, na yeye mwenyewe akaanza kuivunja sakafu.